Kiini cha Yai na Kiini cha Seli: Istilahi za Biolojia Mbele ya Mwanafunzi

Mjadala juu ya istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuendeshwa kama kesi ya uraia. Neno huletwa mbele ya baraza likaulizwa asili yake. Likionekana kuwa la Kibantu hupokewa bila maswali mengi. Likiwa la Kiarabu huachwa lipite kwa kuwa wenzake walikwisha kutangulia. Likiwa la Kiingereza hutakiwa kueleza limefuata nini. Utaratibu huo una manufaa yake, hasa pale ambapo lugha inataka kulinda muundo wa maneno yake. Hata hivyo kuna swali moja ambalo hauligusi, na ambalo mwalimu aliye darasani hawezi kulikwepa: neno hili, likishaingia katika fikra za mwanafunzi, litamwonyesha nini?

Makala haya yanakusudia kuzipima kwa swali hilo istilahi chache za biolojia ya seli. Seli imechaguliwa kwa kuwa ndiyo mlango wa elimu yote ya viumbe, na kwa kuwa karibu kila kilichomo ndani yake hakionekani kwa macho matupu. Mwanafunzi hupewa jina kabla hajakiona kitu chenyewe, na kwa siku nyingi jina ndilo macho yake. Nchini Tanzania sayansi imefundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nchini Kenya biolojia ya shule za sekondari husomwa kwa Kiingereza, lakini maelezo ya pembeni, yale ambayo mwalimu hutoa akiona nyuso za wanafunzi zimeduwaa, aghalabu huwa kwa Kiswahili. Na muuguzi amwelezapo mzazi ugonjwa wa mtoto wake hana budi kuifasiri biolojia papo hapo. Kwa hiyo maneno yapo na yanatumika. Linalostahili kuchunguzwa ni kazi yanayoifanya.

Seli na chembe

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini. Miongoni mwake kilikuwa kipande chembamba cha gamba lile jepesi la mti litumiwalo kutengenezea vizibo vya chupa. Aliona vijumba vingi vilivyopangana, akavifananisha na vyumba vya sega la nyuki, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha chumba kidogo. Alichokiona hakikuwa na uhai: zilikuwa kuta zilizobaki baada ya wenyeji wake kufa. Hivyo basi istilahi mashuhuri kuliko zote katika biolojia ilianza kama jina la nyumba tupu. Wataalamu waliofuata waliendelea nalo hata walipogundua kwamba uhai umo ndani wala si katika kuta, na mwaka 1839, Theodor Schwann alipotangaza kwamba miili ya wanyama nayo imejengwa kwa seli, kama Matthias Schleiden alivyosema kuhusu mimea mwaka uliotangulia, neno la chumba liliwekwa juu ya vitu ambavyo havina ukuta kabisa.

Kiswahili kilikuwa na njia mbili: kulipokea neno lenyewe, seli, au kutumia chembe. Wapo waliotetea chembe kwa moyo wote, na hoja yao haikosi uzito. Chembe ni neno la nyumbani. Kila mtu aijua chembe ya mtama na chembe ya mchanga. Lakini tazama kile ambacho chembe inakionyesha. Chembe ya mchanga ni kitu kigumu, kidogo, kisicho na ndani. Ukiipasua unapata chembe mbili ndogo zaidi, na kila moja ni mchanga vilevile. Seli ikipasuliwa haiwi seli mbili, inakufa. Mwanafunzi aliyepewa chembe amepewa udogo, akanyimwa undani, na biolojia yote ya seli ni habari za undani. Tena chembe imekwisha kuajiriwa na wanafizikia kwa vitu vidogo kuliko atomu, na baadhi ya waandishi wameongeza chembe za urithi, hata sentensi moja yaweza kuwa na chembe tatu zisizo na undugu. Kuongeza sifa, yaani chembe hai, kunapunguza tatizo bila ya kuliondoa.

Seli nayo haikuja mikono mitupu. Mkenya aisikiapo kwanza hukumbuka kituo cha polisi, na wengine hukumbuka jiwe la tochi. Hata hivyo maana hizo hazina madhara darasani. Seli ya polisi ni chumba chenye mlango, mlinzi na mtu ndani yake, na kwa bahati njema hicho ndicho anachohitaji kukifikiria mwanafunzi wa somo la kwanza. Chembe ibaki hospitalini, ambako chembechembe nyeupe na nyekundu za damu zimezoeleka mno kuweza kuondolewa, na ambako kwa kweli kinachofanywa mara nyingi ni kuzihesabu tu.

Utando, kiwambo na ukuta

Kinachoizunguka seli ni ngozi laini yenye unene wa takriban sehemu 7 au 8 kati ya sehemu milioni moja za milimita, iliyofanywa kwa tabaka mbili za molekuli za mafuta na protini zilizochomekwa humo. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walieleza kwamba ngozi hiyo ni kama kimiminiko: molekuli zake hazikutulia mahali pamoja, huelea zikipishana. Kwa kitu hicho Kiswahili kina maneno mawili yanayogombea nafasi, utando na kiwambo, na yote mawili ni ya asili, kwa hiyo baraza la uraia halina la kusema hapa.

Vitenzi ndivyo vinavyoamua. Kuwamba ni kuvuta ngozi kwa nguvu juu ya mzinga wa ngoma mpaka ikakaza. Kutanda ni kuenea juu ya kitu, kama mawingu yatandavyo, au kama ule ugozi mwembamba unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Ugozi wa maziwa huguswa ukakunjamana, na una mafuta ndani yake. Mwalimu asemapo utando, nusu ya maelezo ya 1972 yamekwisha kutolewa bila ya mchoro. Kiwambo kinafaa mahali pengine, mathalani katika sikio, ambako kipo kitu kilichowambwa kwelikweli.

Ukuta ni jambo jingine, na kuuchanganya na utando ni kosa linaloharibu somo zima la maji. Seli za mimea zina utando na, nje yake, ukuta. Seli za wanyama zina utando peke yake. Chembechembe nyekundu za damu zikitiwa katika maji matupu, maji huingia ndani kupitia utando, zikavimba na kupasuka, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuzizuia. Seli ya jani huvimba ikakaza, kisha ukuta huikatalia. Kinyume chake huonekana kila siku jikoni: vitunguu vya kachumbari vikishatiwa chumvi hulegea na kutoa maji, kwa sababu chumvi iliyo nje huyavuta maji ya ndani kupitia utando, na utando hujitenga na ukuta. Mpishi asemaye kwamba vitunguu vimekufa amekosea kidogo tu.

Kiini

Hapa ndipo penye matata. Mwaka 1831 mtaalamu wa mimea Robert Brown alieleza kwamba ndani ya kila seli ya mmea aina ya okidi alizokuwa akizichunguza palikuwa na duara moja lisilopenya mwanga kama sehemu nyingine, akalipa jina la Kilatini linalotumika kwa kiini cha kokwa. Kiswahili kiliposema kiini kilitafsiri kwa uaminifu usio na dosari. Kiini ni kile kilicho katikati na chenye thamani: kiini cha mti ni ule moyo mgumu, kiini cha habari ni ile maana yenyewe. Seli ina kiini. Kiini kina kromosomu. Kromosomu zina jeni. Hakuna istilahi iliyopokewa kwa urahisi zaidi, na wanafizikia nao waliichukua kwa ajili ya atomu.

Lakini mwanafunzi alikuwa na kiini chake kabla ya kuja shuleni. Alikiona katika yai, cha manjano, katikati ya ute mweupe. Akichorewa seli ubaoni, duara ndani ya duara, na akaambiwa kwamba lile la ndani ni kiini na yale majimaji yanayolizunguka ni saitoplazimu, yeye huona yai lililovunjwa kikaangoni. Wako walimu wanaoutumia mfano huo kwa makusudi, wakidhani wamepata bahati: ganda ni utando, ute ni saitoplazimu, kiini ni kiini. Mfano huo unapendeza, na hauna ukweli hata katika sehemu moja.

Kiini cha yai la kuku si kiini cha seli. Ni seli yenyewe. Katika kizazi cha kuku, seli moja ya yai hujazwa akiba ya chakula, mafuta na protini, mpaka ikawa ile tufe ya manjano tunayoijua. Hiyo ni mojawapo ya seli chache ambazo mtu aweza kuziona bila ya hadubini, tena akaziweka katika kijiko. Kiini chake cha kweli, chenye urithi, kimo katika doa dogo jeupe lenye upana wa milimita chache, juu ya uso wa ile manjano. Utando wake ni ule ugozi mwembamba unaopasuka mpishi asipoangalia. Ute hauna uhusiano wowote na saitoplazimu: uliongezwa nje ya seli na mrija wa uzazi wakati yai likishuka, na ganda likaongezwa baadaye. Tena ikiwa yai limerutubishwa, lile doa limekwisha kugawanyika likawa maelfu ya seli kabla yai halijatagwa.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyefuata neno kwa uaminifu amefikishwa mahali pasipo. Anaamini kwamba kiini ndiyo sehemu kubwa, yenye mafuta, na kwamba kazi yake ni chakula. Akiulizwa kazi ya kiini cha seli atajibu kwamba ni akiba, na mtahini atamhesabia kosa bila ya kujua kwamba kosa ni la istilahi.

Inafaa kutazama jinsi lugha nyingine zilivyoponyoka. Mwarabu huita kiini cha seli kwa jina la kokwa ya tende, na Mfaransa kwa jina la kokwa ya tunda. Kwa Mwingereza ni Kilatini kisichomkumbusha chochote. Ile sehemu ya yai Mfaransa huiita manjano tu, na neno la Kiingereza nalo, kwa asili yake, lilitokana na rangi hiyohiyo. Wao waliita yai kwa rangi na seli kwa tunda. Mswahili aliita vyote viwili kwa mahali vilipo, yaani katikati, na ndipo vikagongana.

Tiba zilizowahi kufikiriwa ni mbili. Ya kwanza ni kuliacha kiini na kupokea neno la kigeni kwa ajili ya seli. Hiyo ingempa mwanafunzi neno lisilo na kosa kwa kuwa halina maana yoyote, na ingetupa mbali utajiri wa kiini cha habari na kiini cha mti, ambao kwa hakika unaeleza vyema mamlaka ya sehemu hiyo juu ya seli nzima. Ya pili, ambayo makala haya yanaipendekeza, ni kubakiza kiini lakini kuandika kiini cha seli kwa ukamilifu katika vitabu vyote vya shule, na kuliweka yai katika somo la kwanza, livunjwe mbele ya wanafunzi na lile doa jeupe litafutwe. Mgongano wa maana uliofichwa huleta hasara. Uliofunuliwa ni somo lisilosahaulika upesi.

Kugawanyika

Kitenzi nacho chaweza kupotosha. Seli hugawanyika, husema vitabu vyote, na Rudolf Virchow alipotangaza mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka katika seli, jambo hili ndilo alilolikusudia. Lakini katika matumizi ya kawaida kinachogawanyika hupungua. Shamba la marehemu likigawanyika kwa wana wawili, kila mmoja hupata nusu. Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, idadi iliyothibitishwa mwaka 1956 na Tjio na Levan baada ya miaka mingi ya kudhaniwa kuwa ni 48. Mwanafunzi hodari wa hesabu atafanya mgawanyo: 23 kwa kila seli mpya. Mgawanyiko ukirudiwa, seli zingekwisha kromosomu kabla ya mtoto kuzaliwa.

Jambo linalokosekana ni tendo linalotangulia. Kabla ya kugawanyika, seli huurudufu urithi wake wote, ikawa na nakala mbili za kila kromosomu, kisha ndipo hugawa, nakala moja huku na moja kule. Kiswahili kina kitenzi hicho, kurudufu, na ofisini kila mtu ajua nakala rudufu ni nini. Kwa mgawanyiko wa kawaida ingefaa isemwe kwamba seli hujirudufu na kugawanyika, bila ya kuachia neno la pili peke yake. Kisha, mwanafunzi afikapo katika utengenezaji wa mbegu za uzazi, ambako mgawanyiko hufanyika mara mbili baada ya kurudufu mara moja, na kromosomu 23 ndizo zinazobaki kweli, tofauti itajieleza kwa vitenzi hivyohivyo. Saratani nayo, ambayo ni kurudufu na kugawanyika kusikojua kikomo, hueleweka vizuri zaidi kwa mtu aliyekwisha kutenganisha matendo hayo mawili.

Ngeli za viumbe vidogo

Lipo suala ambalo wanabiolojia hawaliulizi na sarufi ya Kiswahili hailiachi lipite. Katika Kiingereza amiba hula na seli nyeupe ya damu hula, na kitenzi hakibadiliki. Katika Kiswahili amiba anakula, seli inakula. Amiba ni kiumbe, naye huchukua upatanisho wa a- na wa-. Seli ni kitu, nayo huwekwa katika ngeli ya i- na zi-. Lakini amiba ni seli moja tu, wala hana sehemu nyingine ya mwili. Mwandishi anayetunga sentensi juu yake analazimika kuamua kama anazungumzia mnyama mzima au tofali la ujenzi, na uamuzi huo una falsafa ndani yake: uhai unaanzia wapi kuwa nafsi? Inapendeza kwamba lugha inauliza. Seli nyeupe ifuatayo bakteria ndani ya damu, ikamzingira na kummeza, huonekana kwa hadubini ikitenda sawasawa na amiba katika dimbwi, na huyo bakteria, ambaye ni mdogo kuliko seli iliyommeza, ndiye mwenye heshima ya ngeli ya viumbe. Walimu waziitao seli hizo askari wa mwili wameuhamisha upatanisho bila ya kusema.

Maneno ya mkopo yana mtihani wao. Virusi lilipoingia, masikio ya Waswahili yalisikia kiambishi vi-, likapata umoja wake, kirusi, bila ya kujali kwamba neno hilo ni jina la lugha ya Warusi pia. Mitokondria, lililotungwa na Carl Benda mwaka 1898 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje, linaanza na mi-, na hakuna kinachomzuia mwanafunzi kuandika mitokondria mingi kama miti mingi. Kamusi zikisema nyingi, zieleze kwa nini. Na wale waiitao mitokondria jiko la seli wakumbuke kwamba jiko huteketeza kuni kwa mara moja na kutoa moto, ilhali mitokondria hukifungua chakula hatua kwa hatua na kuhifadhi nguvu yake katika molekuli za ATP, kama mtu anayevunja noti kubwa apate sarafu za matumizi ya siku.

Selimundu

Katika istilahi zote zilizoundwa kwa ajili ya seli, labda hakuna iliyofaulu kuliko selimundu. Nusu yake ni ya kigeni na nusu ni zana ya mkulima. James Herrick wa Chicago alipoieleza mara ya kwanza mwaka 1910 alitazama umbo, na Kiswahili nacho kimetazama umbo: mundu uliopinda, wenye ncha, usioweza kupita mahali ambapo kisahani laini kingepita. Mama akiambiwa kwamba damu ya mwanawe ina seli zenye umbo la mundu, hahitaji kuelezwa sababu ya maumivu. Historia ya ugonjwa huu inaigusa Kenya yenyewe. Ni hapa ambapo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu mwaka 1949, akaona kwamba wenye jeni hiyo ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache katika nyanda za juu. Na mwaka 1954 akaonyesha kwamba walioirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria.

Lakini swali gumu hubaki kwa mwanafunzi aliyesoma vizuri. Ameambiwa kwamba urithi umo katika kiini cha seli. Ameambiwa pia kwamba seli nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina kiini. Basi ugonjwa wa seli isiyo na kiini unarithiwaje? Jibu limo katika uboho wa mifupa. Huko seli hiyo ilipokuwa changa ilikuwa na kiini chake, na ndani yake jeni ya himoglobini yenye kosa la herufi moja, linaloweka asidi amino ya valini mahali pa asidi ya glutamiki. Himoglobini ilitengenezwa kwa maagizo hayo, seli ikajaa, kisha kiini kikatolewa nje kikaliwa na seli jirani. Seli nyekundu iingiapo katika mshipa huwa imeliacha agizo nyuma na kubeba matokeo yake peke yake. Ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yenye himoglobini hiyo huharibika mapema zaidi, na ndiyo sababu mtoto huyo hupungukiwa damu.